Pumzi Ishirini

Kitanda hakikuwa chumbani. Mlezi wa wanafunzi alimpitisha Inspekta kwenye vyumba vinne vya bweni la wasichana, vyote safi, vyote vimetandikwa shuka za rangi moja, kisha akamfikisha mwisho wa ukumbi, mbele ya mlango wa vyoo, akasimama kando kama dalali anayeonyesha nyumba yenye kasoro.

"Hapa ndipo anapolala," alisema.

"Hapa, mama?"

"Alipenda mwenyewe."

Inspekta akachuchumaa. Godoro lilikuwa na mabaka ya manjano, mengine ya zamani, mengine bado mabichi, na hayakuwa yametoka upande wa chini. Mtu alilimwagia kutoka juu. Chini ya kitanda palikuwa na chombo cha haja, kile wanachowekewa wagonjwa wasioweza kuinuka. Akakivuta kwa ncha ya kalamu. Ndani mlikuwa na nywele za chanuo, pamba zilizokauka na kugandana, na mabaki ya chakula yaliyoota ukungu kama manyoya ya panya. Inspekta, ambaye aliwahi kukaa na maiti ya siku kumi akiandika maelezo bila kukunja uso, aligeuka akavuta hewa dirishani.

"Na hili pia alipenda mwenyewe?"

"Utani wa wanafunzi huo, Inspekta. Wako thelathini na wawili darasani. Nikiingilia kila utani, nitafundisha saa ngapi?"

"Una muda gani unaujua utani huu?"

Mlezi akahesabu kwa midomo bila kutoa sauti. "Miezi saba hivi."

Inspekta aliandika: miezi saba. Kazi yake ilikuwa nyingine, na muda wake ulikuwa mfupi. Siku tisa zilizopita, mzee mmoja fundi cherehani, aliyelazwa kitanda namba saba cha wodi ya wanaume, alikata roho saa mbili na robo asubuhi. Kifua ndicho kilichomuua, na kifua hakiui mtu kimyakimya, humhangaisha kwanza. Lakini chati yake ya asubuhi hiyo, iliyojazwa saa moja, ilisema mzee yuko salama: joto zuri, mapigo mazuri, pumzi ishirini kwa dakika. Chini kulikuwa na saini ya mwanafunzi anayelala mbele ya vyoo. Watoto wa marehemu wakashitaki. Chuo kikasema binti alibuni namba bila kumpima mgonjwa. Saa tisa alasiri ya leo kikao cha nidhamu kingekaa, naye angefukuzwa akiwa amebakiza miezi sita kumaliza, kisha angefikishwa mahakamani kwa uzembe uliosababisha kifo. Kilichokuwa kinasubiriwa ni karatasi moja tu ya Inspekta, ya kuthibitisha.

"Wenzake wanamwitaje?" aliuliza wakiteremka ngazi.

"Dakika."

"Kwa nini Dakika?"

"Sijui. Watoto hawakosi majina."

*

Binti mwenyewe walikuwa wamemweka kwenye stoo ya vifaa vya mazoezi, akae huko mpaka aitwe. Alikuwa mdogo wa umbo, sare yake imepigwa pasi vizuri lakini inanuka sabuni kali, kama kitu kilichofuliwa mara nyingi kuliko kinavyohitaji. Mbele yake mezani kulikuwa na mkono wa plastiki wa kujifunzia kuchoma sindano.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, binti. Huyu ni nani?" Inspekta aligusa mkono wa plastiki.

"Ndiye mwenzangu wa mazoezi. Wenzangu wanajifunza kwa kupimana wao kwa wao. Mimi hawanipi mkono."

Alisema bila kujihurumia, kama anayetaja namba ya chumba. Inspekta akavuta kiti.

"Nieleze asubuhi ile. Polepole. Mimi ni mzito wa kuelewa."

"Saa moja nilimpima mzee wa namba saba. Alikuwa anapumua mara thelathini na moja. Mabawa ya pua yanacheza. Nikaandika. Nikaenda meza ya wauguzi kusema oksijeni iwekwe na daktari aitwe, maana sisi wanafunzi haturuhusiwi kuwasha oksijeni bila sista. Sista alikuwa chumba cha vidonda, mlango umefungwa. Mezani walikuwa wenzangu watatu."

"Ukasema nini? Maneno yenyewe."

"'Namba saba anapumua thelathini na moja, naomba mmoja amwite daktari.' Nikasema mara mbili."

"Wakajibu nini?"

"Hawanijibu, afande."

"Siku hiyo?"

"Siku zote."

Inspekta aliacha kalamu ikae juu ya karatasi. "Kwa hiyo ukafanyaje?"

"Nikagonga kwa sista. Akasema yuko katikati ya kidonda, niwaambie wenzangu mezani, halafu nichukue chupa za damu mlangoni nikimbie nazo maabara kabla hazijaharibika. Nikawaambia mara ya tatu. Nikakimbia. Maabara mashine ilikuwa imekwama, wakanizuia. Niliporudi walishamfunika shuka."

"Chati inasema ishirini."

"Nimeonyeshwa. Siyo niliyoandika."

"Saini?"

Akaitazama nakala ya chati aliyosogezewa. "Inafanana na yangu," alisema, na hilo Inspekta alilipokea kwa makini. Mwongo angesema haifanani.

Hata hivyo hakulibeba kama ushahidi. Kila mtuhumiwa aliyewahi kukaa mbele yake alikuwa na karatasi ya kweli iliyopotea na karatasi ya uongo iliyotokea. Alikwenda maabara kwanza, akasoma daftari la kupokea sampuli: jina la binti lipo, saa moja na dakika kumi na tano, na mpokeaji aliandika kando, *asubiri, mashine*. Kisha akamtafuta sista wa wodi, mwanamke mnene mwenye haraka, aliyemjibu huku akipanga dawa kwenye trei.

"Ndiyo, aligonga. Alisema kitu kuhusu namba saba. Nikamwambia awaambie wenzake."

"Ulijua kwamba wenzake hawasemi naye?"

Mkono wa sista ukasimama juu ya trei. "Hawasemi naye vipi?"

"Hawamjibu. Miezi saba."

"Wodini?" Alimtazama Inspekta kama aliyeambiwa kuna nyoka kwenye kabati la dawa. "Afande, hapa mtu akisema kitu kuhusu mgonjwa anajibiwa hata kama alimwibia mwenzake mume!"

*

Watatu waliokuwa mezani walikuwa Kiranja wa darasa, msichana mrefu, msafi mpaka kwenye kucha. Shangazi, aliyepewa jina hilo kwa sababu aliingia chuoni akiwa na miaka thelathini na mbili na ndiye mkubwa wao. Na mwingine mwembamba waliyemwita Kifimbo. Inspekta alianza na Kiranja, kwenye ofisi ndogo aliyoazimwa, yenye meza moja, viti viwili na mizani ya kupimia watoto.

"Afande, sisi ni familia," Kiranja alisema kwa sauti laini. "Dakika tunampenda. Tunamwombea."

"Mnamwombea huku mmemmwagia nini kwenye godoro?"

"Hayo ya bwenini mimi sihusiki, naishi chumba cha viranja. Ninachojua ni wodi. Na wodini, afande, naomba uulize jambo moja tu: saa yake iko wapi?"

"Saa?"

"Kila mwanafunzi anabeba saa yenye mshale wa sekunde, anaibana kifuani. Bila hiyo huwezi kuhesabu mapigo wala pumzi. Dakika hana saa wiki ya tatu sasa. Alipoteza. Asiye na saa atahesabia nini? Atabuni. Inasikitisha, lakini ndiyo hivyo."

"Aliwaambia kwamba mzee anapumua vibaya?"

"Mimi sikusikia kitu."

"Alisimama umbali gani?"

"Sikumbuki kama alisimama."

Lilikuwa jambo la maana, hilo la saa, na Inspekta hakulipuuza kwa sababu tu hakumpenda aliyelisema. Alirudi stoo, akafungua mlango nusu. "Binti, saa yako iko wapi?" Dakika akajibu kwamba iliondoka kwenye sare yake siku alipoifua. "Sasa ulimhesabia mzee kwa kutumia nini?" "Kwa saa ya ukutani, afande. Pale namba saba saa inaonekana ukisimama miguuni mwa kitanda."

Inspekta akaenda wodini. Kitanda namba saba kilikuwa na mgonjwa mwingine, dereva aliyevunjika mguu, aliyemuuliza kama amekuja kumkamata kwa ajali. "Leo nimekuja kutazama saa tu," Inspekta alimjibu, akasimama miguuni. Saa ya ukutani ilionekana vizuri, na mshale mwekundu wa sekunde ulikuwa unazunguka. Basi aliweza kuhesabu. Lakini kuweza si kufanya. Bado ilikuwa mizani iliyosimama katikati, na saa sita ilikuwa imeshapita.

Akaomba chati zote za kitanda namba saba, tangu mzee alipolazwa mpaka alipokufa, na chati za vitanda vya jirani kwa muda huohuo. Mtunza kumbukumbu alimletea boksi. Kila siku ilikuwa na karatasi yake mpya, inayoanza saa moja asubuhi. Inspekta alizipanga mezani kwa tarehe kama mtu anayepanga vigae, akavaa miwani, akaanza na joto. Hakuona kitu. Akaenda kwenye mapigo. Hakuona kitu. Akaenda kwenye safu ya pumzi, mistari ya mchana na jioni.

Ishirini. Ishirini. Ishirini. Ishirini. Kumi na nane. Ishirini.

Akavuta chati ya kitanda namba nane, mgonjwa wa ngiri. Ishirini. Namba tisa, kijana wa pumu aliyekuwa akipiga mluzi kifuani mpaka jirani zake wakalalamika. Ishirini. Namba kumi alikuwa mzee aliyefariki Jumanne ya wiki hiyo saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na moja na nusu mtu alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri wa kuviringika, pumzi ishirini. Saini ilikuwa ya Kiranja.

Inspekta alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Kisha akachukua saa yake, akaomba mtunza kumbukumbu akae kitini atulie, akamtazama kifua kwa dakika moja. Kumi na sita. Akajihesabu mwenyewe. Kumi na nne. Ilimchukua dakika nzima kila mara, na dakika nzima ya kutazama kifua cha mtu, akagundua, ni ndefu. Ni ndefu kiasi kwamba mtu mwenye vitanda kumi na viwili na chai inayopoa angeweza kuamua kwamba binadamu wote wanapumua ishirini.

*Dakika*, akaandika kwenye daftari lake, akapigia mstari.

Sasa alitafuta saini ya binti peke yake. Kumi na saba. Ishirini na tatu. Kumi na tisa. Ishirini na sita. Hakuna namba iliyojirudia kwa uvivu. Na kwenye kitanda namba saba, siku tano za mwisho, asubuhi za Dakika zilikwenda hivi: ishirini na mbili, ishirini na tatu, ishirini na sita, ishirini na nane. Kati ya asubuhi hizo, mchana na jioni, waliandika wengine: ishirini, ishirini, ishirini. Daktari alipita jioni na kutazama namba ya mwisho, akaona ishirini, akaenda zake. Mzee alikuwa anapanda ngazi ya kifo mbele ya macho ya watu wote, na aliyekuwa anaandika ngazi hiyo ni mmoja tu. Halafu asubuhi ya tano, kwa saini yake, ghafla: ishirini.

Aliyeandika karatasi ile alijua kuiga saini. Alijitahidi hata kuiga kalamu. Lakini alipofika kwenye pumzi, mkono wake uliandika kile ambacho mkono huo huandika kila siku, bila hata kufikiri.

Inspekta akaitenga chati ile kando, akaomba karatasi tatu tupu za chati.

*

Saa saba na nusu aliita watatu wale, mmoja mmoja. Kwa kila mmoja alisema maneno yaleyale: "Nimechoka tangu asubuhi, binti. Nipime kama unavyompima mgonjwa wodini, uniandikie hapa." Akaweka karatasi tupu ya chati mezani. Kisha akakaa kimya, akapumua taratibu kama mtu aliyelala: mara tisa kwa dakika. Alikuwa amejizoeza kwenye chumba cha kumbukumbu mpaka mtunza kumbukumbu akamuuliza kama anajisikia vizuri.

Kifimbo alishika kifundo cha mkono wake, akatazama saa kwa muda wa kupiga chafya mbili, akaandika. "Uko fiti, afande. Chuma tupu."

Pumzi: ishirini.

Kiranja alimpima akizungumza. "Presha imepanda kidogo, afande. Kazi hizi zenu. Punguza chumvi." Akaandika kwa mwandiko wa kuviringika, akapigia mstari chini kwa rula.

Pumzi: ishirini.

Shangazi alikuja wa mwisho. Alikuwa na mikono mikubwa, ya moto, ya mtu aliyelea watoto. Akashika mkono, akatazama saa, akaandika joto, akaandika mapigo, akaandika ishirini. Halafu akainua macho kwenye kifua cha Inspekta. Kifua hakikuwa kimesogea. Akasubiri. Kikasogea. Akaifunika namba ile kwa mkono wake kana kwamba ni kidonda.

"Afande, mbona hupumui?"

"Napumua. Mara tisa. Umeandika ngapi?"

Shangazi akaukandamiza mkono juu ya karatasi.

"Toa mkono, Shangazi."

Akatoa. Inspekta akaweka kando yake karatasi ya Kifimbo, na ya Kiranja, na nakala ya chati ya asubuhi ya kifo. Ishirini nne zikakaa kwa mstari mmoja.

"Mimi si muuguzi," alisema. "Lakini huyu wa nne siye Dakika. Huyu ni mmoja wenu. Nitajua ni nani, kwa sababu ninyi wote mtaandika tena mbele yangu mpaka nijue. Ila ningependa kusikia kutoka kwa mtu mzima."

Shangazi alikaa bila kuambiwa. Alitazama mizani ya watoto.

"Mwaka wa pili kulikuwa na mtihani wa wodi," alisema. "Mwalimu alimuuliza Dakika kwa nini namba zake hazifanani na za wenzake. Akasema, wenzangu hawahesabu. Basi. Hakumaanisha kusengenya, ndivyo alivyo, ukimuuliza anakujibu. Darasa zima likarudia mtihani. Kiranja akaitisha kikao bwenini, akasema kuanzia leo huyu hayupo. Hasemeshwi, hajibiwi. Akisema kitu, hujasikia. Atakayemjibu anahesabiwa pamoja naye."

"Na ukikosea ukamjibu?"

"Mimi aliniokotea kofia nikamwambia asante. Nilikaa siku tatu bila mtu kunisemesha. Mtu mzima mimi, nina watoto wawili, nililia chooni." Akajifuta uso kwa kiganja. "Saa yake iko huko huko chooni. Kifimbo aliidumbukiza."

"Turudi kwenye asubuhi ile. Mlimsikia?"

"Afande…"

"Mlimsikia?"

"Tulimsikia. Alisimama hapo, karibu kama wewe ulivyo. Thelathini na moja, alisema. Mimi nilimtazama Kiranja. Kiranja alikuwa anapaka mafuta mikono. Aliendelea kupaka, kidole kimoja kimoja. Kifimbo akaanza kucheka kwa chini, ile ya kujizuia. Dakika akasema mara ya pili. Akaja akasema mara ya tatu, akakimbia na damu. Nilitaka kuinuka."

"Lakini?"

"Sikuinuka."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka mgonjwa wa namba nane alipopiga kelele."

Saa moja nzima, Inspekta alihesabu moyoni. Nje, kwenye ua, wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wanakariri mifupa kwa sauti moja.

"Mzee alipokufa, Kiranja alitazama chati," Shangazi aliendelea. "Akasema hii thelathini na moja itatumaliza, maana itaulizwa nani aliambiwa. Akachukua karatasi mpya. Ile ya zamani akanipa mimi niitupe kwenye ndoo ya takataka za kuchoma. Nikaitupa." Kisha akasema jambo ambalo hakuulizwa. "Yule mzee alinishonea kifungo. Siku aliyolazwa. Aliona kimening'inia, akatoa sindano kwenye kola yake, akasema muuguzi hawezi kutembea kifua wazi, wagonjwa watapona kabla ya siku zao. Tulicheka sana."

Kifungo kilikuwa bado kipo, cha pili kutoka juu, kimeshonwa kwa uzi wa rangi tofauti. Inspekta hakutaka kukitazama. Alimsukumia karatasi.

"Andika. Yote. Anza na neno 'tulimsikia'."

*

Kifimbo alipoonyeshwa maandishi ya Shangazi aliandika ya kwake ndani ya robo saa, akiwataja wengine wote kabla ya kujitaja. Kiranja hakuandika. Alikaa wima, mikono juu ya magoti.

"Afande, mimi naomba unionyeshe sheria. Ipo wapi sheria inayosema lazima nimsemeshe mtu nisiyempenda?"

"Haipo."

"Basi."

"Hakukuomba umsemeshe. Alikuomba umwite daktari."

"Angemwita mwenyewe."

"Alitumwa maabara na mkubwa wake, na mkubwa wake alidhani ana wenzake." Inspekta alikusanya karatasi, akazigonga mezani zilingane. "Kwenye kitanda namba kumi uliandika pumzi ishirini nusu saa kabla mtu hajafa. Hilo nalo nitaliuliza. Usiondoke chuoni."

Kwa mara ya kwanza Kiranja alitazama kucha zake kama aliyeona uchafu.

Mlezi wa wanafunzi alimdaka Inspekta mlangoni. Habari zilishamfikia, kwenye majengo kama yale habari haziendi kwa miguu. "Inspekta, si tungeyamaliza kifamilia? Watatu kwa mpigo, mwaka wa mwisho… chuo kitaonekanaje?"

"Mama, nimeona godoro," Inspekta alisema, akapita.

Akaenda stoo. Dakika alisimama alipomwona, akanyoosha sare, tayari kupelekwa.

"Kaa kwanza. Kikaoni utakwenda, lakini kama shahidi. Chati ile haikuandikwa na wewe, na aliyeiandika anajulikana. Ripoti yangu inasema hivyo."

Hakufurahi, wala hakulia. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Walinisikia?"

"Walikusikia."

"Mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza."

"Siku tisa nimekuwa nikijiuliza kama nilisema kwa sauti," alisema. "Mtu asipojibiwa muda mrefu, afande, anaanza kutojua kama mdomo umefunguka."

Saa tisa kasorobo wakatoka. Ukumbi wa kuelekea chumba cha kikao ulikuwa umejaa sare nyeupe pande zote mbili. Darasa zima lilikuja. Na walipomwona tu, midomo iliyofungwa miezi saba ikafunguka kama mabomba.

"Dakika, mpenzi! Habari za siku? Umekonda jamani!"

"Shoga, tulikuwa tunakutania tu, wewe nawe!"

"Leo unarudi chumbani kwetu, nimeshakutandikia!"

Mmoja akamshika bega. Mwingine akamtengeneza kola. Mmoja alikuwa na chozi, na Inspekta, aliyeona machozi ya kila aina kazini, hakujua hilo aliweke fungu gani. Alitamani kutema mate, akatafuta pa kutemea, sakafu ilikuwa safi.

Dakika hakusimama, lakini alijibu. "Nzuri. Salama. Asante. Nzuri." Mmoja baada ya mwingine, bila kuruka mtu, kama anayepita kitanda kwa kitanda. Inspekta alimtazama kwa mshangao, na alipotaka kumwambia kwamba halazimiki, aliona kitu kingine mwisho wa ukumbi.

Karibu na mlango wa kikao palikuwa na benchi ya watu sita, na juu yake ameketi Kiranja peke yake. Waliokuwa karibu walikuwa wamesogea, wakamwachia nafasi ya kutosha kulaza mtu. Shangazi na Kifimbo walisimama upande wa pili, wamempa mgongo.

"Jamani, wameshaanza kuita?" Kiranja aliuliza.

Hakuna aliyegeuka. Msichana aliyekuwa hatua mbili kutoka kwake alianza kukagua vifungo vya mkono wake.

"Nauliza, wameshaanza?"

Wale thelathini walitazama dari, walitazama viatu, walitazama dirisha. Mmoja akaanza kucheka kwa chini, ile ya kujizuia. Hawakuwa wameambiana, hapakuwa na kikao bwenini safari hii. Walishajua namna yake. Ripoti ya Inspekta ya kurasa nne, yenye saini na mihuri, haikuwa na kifungu cha jambo hilo.

Dakika alikuwa amefika kwenye benchi. Akasimama mbele ya Kiranja.

"Bado," alimjibu. "Zimebaki dakika kumi na mbili."

Kisha akaketi benchi hiyohiyo, akasubiri kuitwa.